Mti wa mpira sebuleni: Tazama kisahani kabla ya majani

Yamkini unao nyumbani kwako, au umeuona kwa jirani, katika ukumbi wa benki au katika chumba cha kungojea daktari. Ni mmea wenye majani mapana, mazito, yanayong'aa kana kwamba yamepakwa nta, mengine ya kijani kilichokolea, mengine yenye wekundu wa zambarau. Wauza miche kando ya barabara huuita mti wa mpira. Wataalamu wa mimea huuita Ficus elastica. Hauna makuu, na ndiyo maana umependwa na wakazi wa mijini ambao huondoka nyumbani alfajiri na kurejea taa zikiwa zimewashwa.

Huenda ukashangaa mmea wa pambo unatafuta nini katika ukurasa wa afya. Sababu ni kwamba wagonjwa huniuliza habari zake mara kwa mara. Mmoja ataka kujua kama ni kweli husafisha hewa. Mwingine ameonywa na mama mkwe kwamba mmea ukiwa chumbani usiku humnyima mtu pumzi. Wa tatu ana mtoto aliyetafuna jani. Nitawajibu wote. Lakini lipo jambo moja ambalo karibu hakuna aniulizaye, nalo lina uzito kuliko hayo mengine: yale maji yanayosalia katika kisahani kilicho chini ya chungu. Jambo hilo linamhusu mwenye nyumba na linauhusu mmea wenyewe, kwa kuwa kile kinachouua mti wa mpira katika nyumba zetu ndicho hicho hicho kinachoweza kumlaza mtu kitandani.

Kwanza tuondoe utata wa jina. Mpira unaotengenezwa glavu za hospitali na magurudumu ya magari hutoka katika mti mwingine kabisa, Hevea brasiliensis, wenye asili ya bonde la mto Amazon. Mnamo mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alisafirisha mbegu zake kutoka Brazil hadi bustani ya Kew, London, na baadaye miche ikapelekwa Asia. Mti wetu wa sebuleni ni wa jamii ya mkuyu na mugumo. Kwao ni kaskazini mashariki mwa India, kupitia Burma hadi visiwa vya Sumatra na Java. Zamani utomvu wake nao ulikamuliwa kutengeneza mpira, lakini Hevea ulipoenea ukaachwa, ukabaki pambo. Katika jimbo la Meghalaya nchini India, Wakhasi huielekeza mizizi yake inayoning'inia hewani ivuke mito, na baada ya miaka mingi mizizi hiyo huwa madaraja ya watu kupita. Usilisahau hilo la mizizi, nitalirudia.

Basi huu ni mti wa nchi za joto. Jua na joto la Mombasa haviusumbui, na baridi ya Julai jijini Nairobi huupunguzia tu mwendo. Majani yake manene hayapotezi maji upesi. Hapo ndipo makosa yetu yanapoanzia.

Kidole, si kalenda

Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa nchi ni ya joto, mmea sharti unyweshwe kila siku. Kijana wa kazi huambiwa amwagilie maji kila asubuhi, naye hutii. Baada ya miezi miwili majani ya chini huwa ya manjano na kupukutika, shina hulegea, na udongo hunuka kama kinamasi. Mwenye nyumba akiona majani yanaanguka husema, "Una kiu," akaongeza maji. Kumbe mizizi imekosa hewa na imeoza. Katika miti ya mpira niliyoona ikifa majumbani, mingi ilizama.

Njia iliyo rahisi ni kutumia kidole. Kichomeke udongoni hadi fundo la pili. Kukiwa na unyevu, ondoka, urudi siku nyingine. Kukiwa kukavu, mwagilia polepole hadi maji yatokeze kwenye matundu ya chini, subiri nusu saa, kisha mwaga yote yaliyokusanyika kisahanini. Mjini Mombasa au Kisumu, mmea ulio karibu na dirisha lenye mwanga utahitaji maji takriban mara moja kwa wiki, na zaidi kidogo wakati wa joto kali la Februari na Machi. Nairobi, Nakuru na Eldoret, kati ya Juni na Agosti, wiki mbili zaweza kupita kabla udongo haujakauka. Siku za wiki zisikuhadae, kwa maana chungu kidogo hukauka upesi kuliko kikubwa, na cha udongo hukauka upesi kuliko cha plastiki.

Mmea wenye kiu kweli utautambua: majani hulegea na kuinama yakiwa bado ya kijani, na kingo zake hukauka na kuwa kahawia. Huo hurudi katika hali yake siku moja au mbili baada ya kunyweshwa. Ule uliozama haurudi kwa urahisi.

Kwa wasomaji wa Pwani niongeze hili. Maji ya visima vingi huko yana chumvi, na chumvi hiyo hujikusanya chunguni. Ukiona utando mweupe juu ya udongo na kingo za majani zimeungua, toa chungu nje mara moja kwa mwezi, ukimiminie maji mengi yasiyo na chumvi, ya mvua ukiyapata, hadi yachuruzike chini vya kutosha. Kisha kiache kidondoke kikauke kabla hakijarudishwa ndani.

Maji ya kisahani

Sasa tuingie katika udaktari. Yuko mbu aitwaye Aedes aegypti, mdogo, mweusi, mwenye mabaka meupe miguuni na mgongoni. Tofauti na mbu wa malaria tuliyemzoea, huyu huuma mchana, hasa asubuhi na nyakati za alasiri hadi magharibi. Hapendi madimbwi ya matope wala mitaro ya maji machafu. Hupenda maji yaliyotulia katika vyombo: pipa, mtungi, gurudumu kuukuu, kopo, chombo cha kuwekea maua, na kisahani cha chungu. Hahitaji maji mengi. Kiasi cha kujaza kikombe cha kahawa chatosha kulea viluwiluwi.

Mbu huyu ndiye anayeeneza homa ya dengi na chikungunya, na vilevile homa ya manjano. Nayo si maradhi ya kusoma tu katika habari za ng'ambo. Dengi ilizuka Malindi na Kilifi mwaka 1982. Mwaka 2013 ikaikumba Mombasa, na tangu hapo imerejea Pwani zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 2021. Chikungunya iliivamia Lamu mwaka 2004 ikaingia Mombasa, kisha ikarudi Mombasa mwishoni mwa 2017 na kuendelea 2018. Jina lenyewe limetoka katika lugha ya Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, kutokana na mlipuko wa miaka ya 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika ya wakati huo. Aliyewahi kuugua atakuambia kwa nini jina linafaa. Viungo huuma hata mtu akashindwa kushika kikombe, na kwa wengine maumivu hayo huendelea kwa miezi.

Huko Rabai, mwendo mfupi kutoka Mombasa, watafiti tangu miaka ya 1970 wamechunguza mbu hawa wa namna mbili. Wapo wa msituni, ambao hutaga katika mashimo ya miti na hupendelea damu ya wanyama. Na wapo wa nyumbani, ambao hutaga katika mitungi ya maji iliyo ndani ya nyumba na hupendelea harufu ya binadamu. Huyu wa pili ameamua kuishi nasi. Hujificha chini ya kitanda, nyuma ya pazia, ndani ya kabati, na akitaka kutaga hana haja ya kutoka nje ikiwa tumemwekea maji sebuleni. Hebu fikiria: umegharimika kuweka wavu kwenye kila dirisha ili mbu wasiingie, ilhali unawazalisha ndani. Wavu huo sasa unawazuia wasitoke.

Kwa joto la Pwani, yai huwa mbu kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi. Kwa hiyo chombo kinachomwagwa na kusafishwa kila wiki hakiwezi kumtoa mbu. Lakini kumwaga pekee hakutoshi, na hapa ndipo watu wengi wenye nia njema wanapokosea. Mbu huyu hatagi mayai katikati ya maji. Huyabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji yalipofika. Mayai yaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, kisha siku utakapomwagilia mmea na maji yakayafikia, yakaanguliwa. Ukimwaga maji bila kusugua umetupa viluwiluwi na kuyabakiza mayai. Chukua brashi na sabuni, usugue kisahani ndani yote na chini ya chungu, ukisuuze, ukikaushe. Kazi yenyewe haizidi dakika tano.

Wako wanaopenda kununua mche ndani ya mfuko au kopo la plastiki na kulitumbukiza zima zima katika chungu cha kupendeza kisicho na tundu. Mtindo huo ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu maji hukusanyika kati ya vyombo viwili pasipoonekana na mtu yeyote. Mmea unaoza mizizi gizani, mbu wanalelewa gizani. Ama toboa chungu cha nje, au kila unapotaka kuupa maji toa kopo la ndani, limwagilie bafuni, liache lichuruzike, ndipo ulirudishe.

Ikiwa hutaki kuhangaika na kisahani, kijaze mchanga hadi juu. Mchanga utanyonya maji yanayodondoka yasionekane juu, na mbu hatapata pa kutagia. Usimwage mafuta ya taa kisahanini kama wengine wafanyavyo. Mmea utayanyonya, nyumba itanuka, na mtoto anayetambaa atayafikia. Aidha, tazama vile vikonyo vya mimea unavyovitia katika chupa ya maji dirishani ili vitoe mizizi. Hayo nayo ni maji yaliyotulia. Yabadilishe kila baada ya siku mbili au tatu na uisugue chupa. Mwaka 2001 mbu wa jamii hiyo, Aedes albopictus, aliingizwa katika jimbo la California huko Marekani kupitia shehena za mianzi ya pambo kutoka China iliyosafirishwa ikiwa majini. Wengi mnao mmea huo mezani, ukiuzwa kwa jina la mwanzi wa bahati.

Nisije nikaonekana nakionea kisahani, niseme wazi kwamba katika miji yetu mapipa na mitungi ya kuhifadhia maji huzalisha mbu wengi zaidi. Mfereji ukikauka siku nne, kila mtu hujaza kila chombo alicho nacho, na huwezi kumlaumu. Vyombo hivyo vifunikwe barabara, kwa kifuniko kinachobana au kitambaa kilichofungwa kwa kamba. Lakini pipa huwa tunalikumbuka kwa sababu tunachota humo kila siku. Kisahani hakuna anayekitazama.

Kuna sababu nyingine mpya ya kuwa macho. Mbu wa malaria aitwaye Anopheles stephensi, asili yake Asia, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012. Mnamo Desemba 2022 alinaswa katika Kaunti ya Marsabit, na wataalamu wetu wakatangaza habari hiyo mwaka 2023. Mbu wa malaria tuliowazoea hupenda zaidi maji ya mashambani na vidimbwi vya jua. Huyu mgeni anazaana vizuri katika matangi na vyombo vya mjini. Mkazi wa ghorofani aliyezoea kusema malaria ni ya ushago atalazimika kulifikiria upya jambo hilo.

Homa ikija

Dengi huanza ghafla: homa kali, kichwa, maumivu nyuma ya macho, mifupa na misuli kuuma, wakati mwingine vipele. Kwa mtazamo wa kwanza hufanana na malaria, na wengi hukimbilia dukani kununua dawa za malaria bila kupimwa. Nenda upimwe. Ikiwa malaria haipo na homa ipo, mwambie daktari kwamba unaishi Mombasa, Malindi au Lamu, au umetoka huko majuzi, na kwamba umekuwa ukiumwa na mbu mchana.

Wakati ukingojea majibu, dawa ya kutuliza homa iwe parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Usimeze aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki. Dengi hupunguza chembe za damu zinazosaidia kugandisha damu, na dawa hizo huzidisha hatari ya kuvuja damu. Kunywa maji, uji, maji ya madafu au maji ya chumvi na sukari kwa wingi. Hakuna dawa inayoua virusi vya dengi, na wagonjwa walio wengi hupona kwa mapumziko na maji.

Siku ya kuogopewa ni ile homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Mgonjwa na jamaa hufurahi wakidhani mambo yamekwisha. Kwa wachache ndipo hatari inapoanza. Tumbo kuuma sana, kutapika bila kukoma, fizi au pua kutoka damu, kinyesi cheusi, kulegea sana au kuhangaika, mikono na miguu kuwa baridi: ukiona lolote kati ya hayo usingoje asubuhi. Aliyewahi kuugua dengi awe mwangalifu zaidi, maana maambukizi ya pili kwa virusi vya aina nyingine huelekea kuwa makali kuliko ya kwanza. Wajawazito, watoto wachanga na wazee waonwe na daktari mapema.

Utomvu, watoto na ngozi

Ukivunja jani la mti wa mpira hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Huo huwasha. Ukigusa ngozi laini, au ukikaa mkononi kwa muda, waweza kuleta wekundu na mwasho, hasa kwa mwenye ukurutu. Ukiingia jichoni jicho huuma na kuwa jekundu. Osha mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, ukilifungua jicho kwa vidole. Usilisugue na usitie maziwa ya mama wala dawa ya macho ya jirani. Likiendelea kuuma au kuona ukungu, nenda hospitali. Hata hivyo tusiufananishe na mnyaa, ule wa kuzungushia ua, ambao utomvu wake ni mkali mno na huweza kuharibu macho vibaya. Wa mti wa mpira ni mpole ukilinganishwa nao.

Mtoto akitafuna jani, kwa kawaida midomo na ulimi humwasha, akatoa mate, pengine akatapika. Mtoe vipande vilivyobaki kinywani, msuuze, mpe maji ya kunywa. Usimlazimishe kutapika. Ni nadra sana kupata madhara makubwa zaidi ya hayo. Lakini akivimba midomo au uso, akikohoa bila kukoma au akipumua kwa shida, huo ni mzio au amepaliwa, naye apelekwe hospitali bila kuchelewa. Paka na mbwa nao hutapika wakiyala.

Je, mwenye mzio wa glavu na puto za mpira auogope mti huu? Nimesema ni miti miwili tofauti, kwa hiyo mzio wa mmoja haumaanishi lazima upo na wa mwingine. Ila mtu wa namna hiyo, na hasa aliyefanyiwa upasuaji mara nyingi au anayefanya kazi hospitalini, asiukate mwenyewe. Akibidi, avae glavu za plastiki, si za mpira. Anayejulikana zaidi kwa kuleta mzio ni ndugu yake mwenye majani madogo yanayoning'inia, Ficus benjamina, auzwaye pia kwa wingi. Chembe za utomvu wake huchanganyika na vumbi la nyumbani, na waliopata mzio huo wengine huwashwa kinywa hata wakila tini au papai. Ukiwa na pumu au mafua yasiyoisha na unao mti huo chumbani, utoe kwa miezi michache uone kama kuna tofauti.

Je, husafisha hewa?

Mwaka 1989 Bill Wolverton na wenzake, wakifanya kazi na shirika la anga za juu la Marekani, NASA, walionyesha kwamba mimea ya nyumbani hupunguza baadhi ya kemikali hewani. Tangu hapo wauzaji hawajanyamaza. Lakini majaribio yale yalifanywa katika visanduku vilivyofungwa. Mwaka 2019 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel, Bryan Cummings na Michael Waring, walikusanya majaribio ya miaka mingi wakapiga hesabu. Waliona kwamba ili mimea ishindane na hewa inayoingia na kutoka nyumbani kwa kawaida, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Sebule ya mita 20 za mraba itataka miti 200 kwa uchache. Utakaa wapi?

Dirisha lililo wazi, kwa hiyo, ni bora kuliko duka zima la miche. Nalisisitiza hilo kwa sababu kifua kikuu bado kipo katika miji yetu, na huenea kwa hewa ya vyumba vilivyojaa watu na kufungwa. Nalisisitiza pia kwa ajili ya wanaoingiza jiko la makaa ndani wakati wa baridi. Gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka humo huua watu usingizini, na hakuna mmea wa kuizuia.

Na mama mkwe? Ni kweli kwamba usiku mmea huvuta oksijeni. Kiasi chake ni kidogo mno. Mtu anayelala kando yako anavuta nyingi zaidi kwa mbali, wala hakuna anayeshauriwa amtoe nje.

Mahali, vumbi na udongo

Weka mmea pale penye mwanga mwingi lakini jua la adhuhuri lisiuchome kupitia kioo. Dirisha la mashariki linafaa sana. Aina yenye mabaka meupe au ya krimu huhitaji mwanga zaidi ya ile ya kijani. Usiuweke mbele ya kiyoyozi, kwani upepo wa baridi huangusha majani. Ukitoa ncha nyekundu iliyosokotwa kileleni usiikate ukidhani ni ugonjwa. Hilo ni ganda la jani jipya, litaanguka lenyewe.

Majani mapana hukamata vumbi. Yafute kwa kitambaa chenye maji kila wiki au mbili, ukilishika jani kwa chini. Maziwa, mafuta ya kupikia na mafuta ya nywele, ambayo nimeona yakitumiwa ili majani yang'ae, huziba vinyweleo na kunasa vumbi zaidi. Ukifuta, geuza majani utazame chini yake. Wadudu wadogo wenye magamba au pamba nyeupe watolewe kwa pamba iliyochovywa katika maji ya sabuni, na zoezi lirudiwe kila juma hadi waishe. Tafadhali usipulizie sebuleni dawa ya wadudu ya shambani, na kamwe usiihifadhi katika chupa ya soda. Tunapokea watoto kwa sababu ya chupa hizo.

Vijidudu vyeusi vinavyoruka juu ya udongo si mbu na haviumi. Ila ni ishara kwamba udongo hukaa na unyevu mno. Ukungu mweupe juu ya udongo una maana hiyo hiyo, nao haumfai mwenye pumu. Yule ambaye kinga yake ya mwili imedhoofika sana, mathalani anayetibiwa saratani, ni heri mimea ya chungu itolewe katika chumba chake cha kulala, na mtu mwingine aushughulikie udongo.

Udongo wenyewe uwe mwepesi: sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya mchanga, moja ya samadi iliyooza vizuri. Badilisha chungu kila baada ya miaka miwili hivi, kwa kikubwa kidogo tu. Samadi na udongo vyaweza kubeba vijidudu vya pepopunda, kwa hiyo funika michubuko, vaa glavu na uoshe mikono kwa sabuni. Ukijikata au kuchomwa na kitu kichafu, na imepita miaka mitano tangu uchanjwe pepopunda, nenda kituo cha afya. Akina mama huchanjwa wakiwa wajawazito. Wanaume wengi hawakumbuki walichanjwa lini.

Mti ukifika darini, kata kilele chake, ukiweka kitambaa chenye maji juu ya kidonda hadi utomvu ukome. Wengine huona uchungu kuukata, wakauhamishia nje karibu na ukuta. Hapo ndipo ile habari ya madaraja ya Meghalaya inapoingia. Katika nchi ya joto mti huu hupita kimo cha nyumba ya ghorofa kadhaa, na mizizi yake hupasua kuta, mabomba na matangi ya maji taka. Bomba la maji taka likipasuka karibu na tangi la maji ya kunywa, tutakuwa tunazungumzia kipindupindu. Uwe mbali na nyumba kwa mita nyingi, au upewe mwenye shamba. Kama huna nafasi hiyo, ukate kimo kila mwaka na uuache katika chungu chake.